Nafsineni na Mwenye Kalamu: Safari ya Kundi la Salt-N-Pepa, 1985–2025

Utangulizi

Makala haya yanafuatilia historia ya Salt-N-Pepa, kundi la wanawake wa jiji la New York nchini Marekani lililoanza kurekodi mwaka 1985. Katika kipindi cha miaka 40 iliyofuata kundi hili lilifungua milango mingi ambayo awali ilikuwa imefungwa kwa wanawake katika muziki wa hip hop. Hata hivyo, nia yetu si kuorodhesha tuzo na mauzo. Tunakusudia kuuliza swali moja ambalo wengi wetu walimu wa fasihi hulikwepa au hulijibu kwa haraka: mwanamke anaposema katika utungo, maneno ni ya nani?

Msomaji ana haki ya kushangaa. Jarida la uhakiki wa fasihi ya Kiswahili lina haja gani na wanawake wanaofoka kwa Kiingereza? Jibu langu linaanzia darasani. Miaka michache iliyopita niliwatungia wanafunzi wangu wa kike shairi la kukariri katika tamasha za muziki. Nafsineni alikuwa msichana anayekataa kuozwa mapema. Walilikariri kwa ustadi, wakapita ngazi ya kaunti ndogo na kurudi na cheti. Tulipokuwa garini tukirejea, mmoja wao aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, yule msichana wa shairi mbona hacheki wala haogopi? Mbona anahutubia tu?" Sikuwa na jibu. Mimi ni mwanamume. Nilikuwa nimempa msichana mdomo, kisha nikaujaza maneno yangu.

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwa Salt-N-Pepa, kwani historia yao yote, tangu santuri ya kwanza hadi mahakamani, ni historia ya swali hilo hilo.

Wanawake katika chimbuko la hip hop

Wanahistoria wengi wa hip hop huanza masimulizi yao tarehe 11 Agosti 1973, katika jumba namba 1520 la barabara ya Sedgwick, mtaa wa Bronx, New York. Siku hiyo kijana aliyezaliwa Jamaika, Clive Campbell, almaarufu Kool Herc, alicheza santuri katika karamu. Jambo ambalo aghalabu hutajwa kwa kupita ni kwamba karamu yenyewe iliandaliwa na dada yake, Cindy Campbell. Kwa hiyo mwanamke alikuwepo tangu mwanzo. Aliyesahauliwa ni yeye.

Vivyo hivyo, mwaka 1979 wimbo "Rapper's Delight" wa Sugarhill Gang ulipoufikisha ufokaji kwenye redio, kampuni iliyoutoa, Sugar Hill Records, ilikuwa ikiongozwa na mwanamke, Sylvia Robinson. Mwaka huo huo kampuni hiyo ilitoa "Funk You Up", wimbo wa The Sequence, kundi la wasichana watatu kutoka Columbia, South Carolina. Hawa ndio kundi la kwanza la wanawake kurekodi santuri ya kufoka. Ni sharti basi tuwe waangalifu: Salt-N-Pepa hawakuwa wa kwanza kufoka wala wa kwanza kurekodi. Uanzilishi wao ni wa namna nyingine. Walikuwa wa kwanza kuthibitisha kwamba kundi la wanawake linaweza kudumu katika sanaa hii, kuuza kwa mamilioni na kutambuliwa rasmi.

Kufoka, kwa maelezo mafupi, ni kutoa mashairi kwa mahadhi ya kuzungumza juu ya mdundo wa ala. Fanani hutegemea vina, takriri, tashihisi, majigambo na hasa uwezo wa kumjibu mpinzani. Mwalimu anayefundisha majigambo na malumbano ya utani katika fasihi simulizi hatakuwa mgeni hapa.

Jibu kabla ya jina

Cheryl James alizaliwa Brooklyn mwaka 1966. Sandra Denton alizaliwa Kingston, Jamaika, na kuhamia New York akiwa mtoto. Walikutana wakisomea uuguzi katika chuo cha Queensborough, mtaa wa Queens, na wote wawili wakawa wanafanya kazi katika duka la Sears. Mfanyakazi mwenzao, Hurby Azor, alikuwa akisomea utayarishaji wa muziki, naye alihitaji watu wa kumsaidia kukamilisha kazi ya chuo. Akawaomba James, aliyekuwa mpenzi wake, na Denton wafoke.

Kilichotokea ni "The Showstopper", wimbo wa mwaka 1985 uliotolewa wakiwa wanaitwa Super Nature. Ulikuwa jibu kwa wimbo "The Show" wa Doug E. Fresh na Slick Rick, ambao ulikuwa ukivuma mwaka huo. Mtindo huu wa kujibu santuri kwa santuri ulikuwa umeshika kasi tangu mwaka 1984, pale msichana wa umri wa miaka 14, Roxanne Shanté, alipowajibu wanaume wa kundi la UTFO waliokuwa wamemwimba msichana wa kubuni aliyewaringia. Shanté alijitwalia jina la msichana huyo na kuwajibu kana kwamba yeye ndiye.

Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili anaijua vyema desturi hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu katika karne ya 19, na waimbaji wa taarab wamepigana vijembe kwa nyimbo miaka nenda miaka rudi. Katika desturi kama hizi, mtu asiye na jina hujipatia jina kwa kumjibu mwenye jina. Hivyo ndivyo wasichana wawili wasiojulikana walivyoingia ukumbini. Jina la Salt-N-Pepa lenyewe lilichimbuka ndani ya wimbo huo wa kujibu, ambamo walijiita chumvi na pilipili. Ni lakabu zenye jazanda ya jikoni, mahali ambapo jamii nyingi humweka mwanamke, lakini zimegeuzwa: viungo hivi havimpikii mtu, vinawasha.

Kundi lilisaini na kampuni ya Next Plateau na mwishoni mwa mwaka 1986 likatoa albamu ya kwanza, Hot, Cool & Vicious. Mwaka 1987 Deidra Roper, msichana wa miaka 16, alichukua nafasi ya Latoya Hanson kama mcheza santuri wa kundi, kwa lakabu ya Spinderella. Nafasi hii isidharauliwe. Meza ya santuri ilikuwa himaya ya wanaume hata katika makundi yaliyokuwa na wafokaji wa kike.

Sauti ya kike, kalamu ya kiume

Sasa tufike kwenye kiini. Ukisikiliza albamu ya kwanza unakutana na nafsineni wa kike mwenye kiburi, anayewachambua wanaume bila kusita. Mfano mzuri ni "Tramp". Wimbo huu uliimbwa na mtunzi wake Lowell Fulson, na mwaka 1967 Otis Redding na Carla Thomas wakaurudia kama majibizano ya mwanamume na mwanamke. Katika toleo la Salt-N-Pepa neno hilo la dharau linavuliwa na kuvishwa mwanamume mwenye tamaa anayeparamia kila mwanamke. Huu ni ugeuzaji wa wazi wa maana, na mwanafunzi yeyote angeandika katika karatasi ya mtihani kwamba utungo unapinga taasubi ya kiume.

Lakini nani aliandika maneno? Kwa sehemu kubwa ya kazi zao za awali, Azor. Ndiye aliyechagua midundo, ndiye aliyetunga, ndiye aliyewaelekeza namna ya kutamka. Hata "Push It", wimbo uliowatangaza duniani, ulitokana naye. Uliwekwa kama nyongeza kwenye upande wa pili wa santuri ya "Tramp". Mcheza santuri wa redio mjini San Francisco, Cameron Paul, aliusuka upya na kuucheza, nao mwanzoni mwa 1988 ukafika nafasi ya 19 katika chati kuu ya Billboard. Albamu ikathibitishwa kuuza zaidi ya nakala milioni 1 nchini Marekani, kiwango ambacho kundi la wanawake wafokaji halikuwa limewahi kukifikia.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bila Azor pengine James na Denton wangekuwa wauguzi, na hakuna dalili kwamba alikuwa na kalamu mbaya. Alikuwa na sikio zuri na aliwaheshimu wasikilizaji wa kike kuliko watayarishaji wengi wa wakati wake. Ila heshima yake haiondoi ukweli kwamba ujasiri wa nafsineni haukuwa bado ujasiri wa mtunzi wa kike. Hapa ndipo istilahi zetu zinatufaa. Tunawafundisha wanafunzi kwamba nafsineni si mtunzi. Tunalifundisha hilo kama kanuni ya mtihani, kisha tunalisahau pale tunapotaka kuthibitisha kuwa utungo unamtetea mwanamke. Salt-N-Pepa wanatulazimisha kutenganisha watu watatu: anayesema ndani ya utungo, anayetamka mbele ya hadhira, na anayeandika. Katika ushairi simulizi wa jadi watu hao mara nyingi huwa ni mmoja. Katika muziki wa kurekodiwa mara nyingi huwa tofauti, tena huongezeka wa nne, yaani anayemiliki.

Kususia ukumbi

Mwaka 1989 waandaaji wa tuzo za Grammy walitenga kwa mara ya kwanza tuzo ya ufokaji, na "Push It" ukawa miongoni mwa nyimbo tano zilizoteuliwa. Hata hivyo, iliamuliwa kwamba tuzo hiyo isitolewe katika sehemu ya hafla inayoonyeshwa kwenye televisheni. Salt-N-Pepa walisusia hafla hiyo pamoja na wasanii kadhaa wenzao, wakiwemo DJ Jazzy Jeff na Fresh Prince, walioishia kuishinda tuzo yenyewe.

Tukio hili lina uzito. Kwa mara ya kwanza tunawaona wanawake hawa wakisema jambo ambalo halikuandikwa na mtu mwingine. Walilisema kwa kutokuwepo kwao. Ukimya pia ni usemi, na katika maisha yao ya sanaa usemi huu wa kukataa ulitangulia ule wa kutunga.

Kushika kalamu

Albamu ya pili, A Salt with a Deadly Pepa (1988), haikuwaongezea mengi kisanaa. Mabadiliko yalikuja na ya tatu, Blacks' Magic (1990). Humo mna "Expression", wimbo ulioandikwa na kutayarishwa na Cheryl James mwenyewe. Ulikaa katika nafasi ya kwanza ya chati ya ufokaji ya Billboard kwa wiki kadhaa.

Ukilinganisha wimbo huu na ule wa 1987 utaona tofauti ya nafsineni. Yule wa "Tramp" anamtazama mwanamume na kumhukumu; uhai wake unategemea kuwepo kwa mpinzani. Nafsineni wa "Expression" hamjibu mtu. Anazungumzia haki ya kuwa yeye mwenyewe na kujieleza bila kuomba ruhusa. Kutoka kujibu hadi kusema: hiyo ndiyo hatua kubwa katika safari hii, nayo ilichukuliwa pale kalamu ilipobadili mkono. Sidai kwamba wimbo ulioandikwa na mwanamke ni lazima uwe bora. Ninachodai ni kwamba mada ilibadilika. Azor alijua jinsi mwanamke anavyomjibu mwanamume, kwa kuwa huko ndiko mwanamume humkuta. Hakujua, wala hakutarajiwa kujua, mwanamke husema nini mwanamume anapokuwa hayupo chumbani.

Kusema kuhusu Ukimwi

Albamu hiyo hiyo ilikuwa na "Let's Talk About Sex", uliotolewa kama santuri mwaka 1991 na kufika nafasi ya 13 nchini Marekani. Maneno yalikuwa ya Azor. Wimbo ulihimiza watu wazungumze waziwazi kuhusu mapenzi na madhara yake badala ya kujifanya hayapo. Mwezi Novemba mwaka huo mchezaji wa mpira wa kikapu Magic Johnson alitangaza kwamba ana virusi vya Ukimwi, na mazungumzo ambayo wimbo ulikuwa umeyaomba yakawa ya lazima.

Mwaka 1992 mtangazaji Peter Jennings wa shirika la ABC alipoandaa kipindi cha televisheni kuhusu Ukimwi na vijana, wimbo uliandikwa upya ukawa "Let's Talk About AIDS". Mdundo ni ule ule, ila maneno sasa yanafundisha: jinsi virusi vinavyoambukizwa, jinsi visivyoambukizwa, na haja ya kutowatenga wagonjwa. Albamu iliyofuata, Very Necessary (1993), ilimalizika kwa igizo fupi la vijana wa kikundi cha WEATOC cha Boston kuhusu kijana aliyegundua kwamba ameambukizwa.

Wasomaji wetu wanaweza kupima uzito wa jambo hili kwa kukumbuka hali ya hapa nyumbani. Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999. Riwaya ya W. E. Mkufya, Ua la Faraja, iliyolishughulikia suala hili kwa kina nchini Tanzania, ilitoka mwaka 2004. Waliokuwa shuleni katika miaka ya 1990 wanakumbuka jinsi somo hili lilivyopitiwa kwa mafumbo na kukohoakohoa. Katika fasihi yetu mafumbo ni sifa. Tunamsifu mshairi anayesitiri. Lakini kuna wakati sitara inaua, na utungo unaolitaja jambo kwa jina lake unafanya kazi ambayo jazanda haiwezi. Mhakiki anayeudharau wimbo wa aina hii kwa kuwa ni mahubiri yasiyo na taswira atakuwa ametumia mizani isiyofaa. Lengo la utungo ni sehemu ya fani yake.

Kilele na kinaya chake

Very Necessary ndiyo albamu iliyouza zaidi, ikipita nakala milioni 5 nchini Marekani pekee. "Shoop", uliokuwa na mchango wa Salt na Pepa wenyewe katika utunzi na utayarishaji, ulifika nafasi ya 4. "Whatta Man", walioimba na kundi la En Vogue, ulifika nafasi ya 3. Katika "Shoop" nafsineni anamtazama mwanamume mzuri barabarani na kumsifia umbo lake, kama vile washairi wa kiume walivyowasifia wanawake tangu zamani. Kuna waliokereka. Ila hebu tujiulize ni mashairi mangapi ya kiume yenye sifa za namna hiyo tumeyafundisha bila kukereka.

Mwaka 1995 wimbo "None of Your Business" kutoka albamu hiyo uliwapatia Grammy ya ufokaji kwa kundi. Usiku huo huo Queen Latifah alishinda ile ya msanii mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wafokaji wa kike kupata tuzo hizo, miaka sita baada ya ule ususiaji.

Na hapa pana kinaya. "None of Your Business" unatetea haki ya mwanamke kuamua mambo ya mwili wake bila kuhojiwa na mtu. Mtunzi wake ni Hurby Azor. Wimbo uliowaletea heshima kubwa kuliko zote, tena unaotangaza uhuru wa mwanamke, ulitoka kwenye kalamu ya mwanamume. Huenda mtu akasema kwamba hili linaangusha hoja yangu. Naona linaisaidia. Mwaka 1995 wanawake hawa walikuwa na uwezo wa kutunga na walikuwa wameuthibitisha. Walipoutamka utungo wa Azor sasa, waliuchagua. Tofauti ya 1987 na 1995 haiko katika jina la mtunzi tu. Iko katika uwezo wa fanani kusema hapana.

Gharama ya uhuru

Mwaka 1997 walitoa Brand New, albamu ya kwanza isiyo na mkono wa Azor. Hatimaye kalamu, mdundo na maamuzi vilikuwa vyao. Laiti historia ingekuwa hadithi ya watoto, hapa pangekuwa na ushindi mkubwa. Haikuwa hivyo. Albamu haikukaribia mauzo ya ile iliyotangulia, na kampuni ya Red Ant iliyohusika na kuitoa iliporomoka kifedha. Wakati huo huo James alikuwa akivutwa na imani yake ya Kikristo. Mwaka huo alisikika katika "Stomp", wimbo wa injili wa Kirk Franklin na kundi la God's Property. Mwaka 2002 kundi lilivunjika.

Walirejea jukwaani pamoja mwaka 2005, na kuanzia 2007 Salt na Pepa wakawa na kipindi cha televisheni kuhusu juhudi za kupatana. Mwaka 2008 Denton alichapisha tawasifu, Let's Talk About Pep, ambamo anaeleza waziwazi dhuluma alizopitia maishani. Mambo hayo hayakuwa katika nyimbo. Msichana aliyewatikisa wanaume jukwaani alikuwa na maumivu ambayo nafsineni wake hakupewa nafasi ya kuyataja. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka mwanafunzi wangu garini: mbona hacheki wala haogopi?

Hata baina yao haki haikugawanywa sawa. Mwaka 2019 Spinderella, aliyekuwa ameondolewa katika kundi, aliwashtaki wenzake akidai malipo. Tusiifiche habari hii ili kuwapamba mashujaa wetu. Mwanamke aliyenyimwa kalamu anaweza naye kumnyima mwenzake.

Swali la nani mtunzi lafika mahakamani

Sifa zilikuja kwa wingi baadaye. Mwaka 2021 walipewa Grammy ya heshima ya maisha, na mwaka 2022 nyota yao ikawekwa katika barabara ya watu mashuhuri ya Hollywood. Mwezi Novemba 2025 walitunukiwa tuzo ya ushawishi wa kimuziki na Jumba la Kumbukumbu la Rock and Roll, wote watatu wakiwepo.

Lakini mwezi Mei mwaka huo huo, James na Denton walikuwa wameishtaki kampuni kubwa ya Universal Music Group. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 humruhusu mtunzi, baada ya miaka 35, kurejesha haki alizozitoa. Wao walitaka kurejeshewa rekodi zao za awali. Kampuni ilijibu kwamba hawakuwahi kuwa na haki hizo kwanza, kwa hiyo hawakuwa na cha kurejeshewa. Mkataba wa 1986 uliohamisha haki ulikuwa baina ya kampuni ya Azor na Next Plateau.

Kwa mhakiki wa fasihi, hoja ya kesi hii ina uzito kuliko hukumu. Wanawake wanadai: sauti ni yetu, kwa hiyo kazi ni yetu. Kampuni inasema: sauti ni yenu, ila kazi haikuwa yenu tangu siku ya kwanza. Baada ya miaka karibu 40, swali la nafsineni na mwenye kalamu lilikuwa limetoka katika daftari la mwanafunzi na kufika mbele ya jaji, likiwa na bei.

Funzo kwa mwalimu wa fasihi

Historia hii inatualika kuyasoma upya baadhi ya matini zetu. Utendi wa Mwana Kupona (1858) unathaminiwa, pamoja na mengine, kwa kuwa nafsineni, mtunzi na mama ni mtu mmoja. Wapo wanaoulaumu kwa kumfunza binti utiifu kwa mume. Lawama hiyo ni halali, ila ni lazima iende sambamba na kutambua kwamba kalamu ilikuwa yake. Kwa upande mwingine, Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyesafiri hadi Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, tunamjua wengi wetu kupitia Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert. Ni kitabu kizuri. Ni pia maisha ya mwanamke yaliyoandikwa na mwanamume, na inafaa mwanafunzi aulizwe ni yapi ambayo Siti mwenyewe angeyaandika.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, tunapohakiki nafasi ya mwanamke katika wimbo au shairi, tumtake mwanafunzi ataje bayana nani anasema, nani ametunga na nani anatoa utungo mbele ya hadhira, kisha aeleze tofauti hiyo inaathiri vipi maana. Pili, nyimbo za kufoka za vijana wetu zichukuliwe kama nyenzo halali ya kufundishia majigambo, malumbano na vina, badala ya kutajwa tu kama mfano wa lugha iliyoharibika. Tatu, na hili linatugusa sisi zaidi, tupunguze kuwaandikia wanafunzi maneno ya kwenda kushindana nayo.

Hitimisho

Tumeona kwamba Salt-N-Pepa walianza kwa kutamka maneno ya mwingine, wakajifunza kukataa, wakatunga, wakachagua, wakajitegemea kwa hasara, na mwishowe wakadai umiliki. Hatua hizi hazikupangika kwa unyoofu, na katika kila hatua sauti iliyosikika ilikuwa ile ile ya kike. Sikio peke yake halikuweza kutambua tofauti.

Mwaka uliofuata ule wa shairi langu, niliwapa wasichana wangu chaki na ubao, nikakaa nyuma ya darasa. Walitunga wenyewe. Msichana wa shairi lao anakataa kuozwa, lakini usiku analia kwa kuwa anampenda baba yake na hataki kumwaibisha. Mimi nisingeliandika hilo. Mizani ilipungua katika mishororo miwili, nao hawakukubali niirekebishe. Shairi halikupita ngazi ya kwanza. Majaji walisema ujumbe haukuwa na msimamo thabiti. Bado najiuliza kama majaji walikosea, au kama sisi walimu, kwa kuwaandikia wasichana mashujaa wasiolia, ndio tuliowazoesha kutarajia sauti ya namna moja tu.